Ile "St." kwenye nguzo si Mtakatifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo kabla halijaota mizizi. Wiki iliyopita, katika ukurasa wenu wa safari, mlichapisha picha ya nguzo ndefu ya mawe iliyosimama kwenye uwanja wa soko "katika mji mmoja wa Ujerumani". Chini ya picha mkaandika kwamba ni nguzo ya watakatifu, na kwamba majina ya watakatifu wa mji huo yamechongwa pande zake zote nne. Picha ni nzuri, sina neno nayo. Hayo maelezo ndiyo yaliyonifanya niache chai ipoe.

Nguzo hiyo naijua. Mkiitazama vizuri picha yenu upande wa kulia, nyuma ya kitako cha nguzo, mtaona gurudumu la baiskeli ya njano na nusu ya mkoba wa njano. Baiskeli ni yangu. Napeleka barua katika mji huo, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kila siku ya kazi naipita nguzo hiyo si chini ya mara mbili. Jina la mji mtaniruhusu nilifiche, maana ni mdogo na mpeleka barua mwenye rangi yangu yupo mmoja tu; nikiutaja nitakuwa nimetaja na mlango ninaolala. Jimbo naweza kulitaja: ni Saksonia, mashariki mwa Ujerumani, huku kwenye milima ya Erzgebirge, jirani na Ucheki. Nilikuja huku nikimfuata mume. Mume hayupo tena, nguzo ipo.

Sasa, huyo Mtakatifu wenu. Aliyeandika maelezo aliona herufi "St." zimejirudia kila mstari, akakumbuka St. Petro na St. Yosefu, akafunga hesabu. Simlaumu sana. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilidhani vivyo hivyo, ila mimi sikulipeleka gazetini. Lakini angetulia kidogo angeona kwamba "St." ile haitangulii jina, inalifuata, na katikati imekaa namba. Chukulieni mstari unaosomeka "Leipzig 18 St." Ukiusoma kwa macho ya mwandishi wenu unapata Leipzig, watakatifu kumi na wanane. Ni wengi hata kwa Leipzig.

Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa huku hawezi kulikosea. Saksonia ndiko Martin Luther alikoanzia mambo yake mwaka 1517. Wittenberg, alikoanzia, ulikuwa wakati huo mji wa watawala wa Saksonia. Nguzo hizi zilisimamishwa miaka mia mbili baadaye, katika miji ambayo mingi yake ni ya Kilutheri, kwa fedha za mabaraza ya miji. Baraza la Kilutheri litoe fedha yake kuwachongea watakatifu katikati ya soko? Wangepigana kwanza.

Nadhani najua mkanganyiko ulikotokea. Ukivuka mpaka kuingia Ucheki, nguzo za namna hiyo zipo kweli, na ni za kupendeza: Bikira Maria juu, watakatifu wamezunguka chini, malaika wamejazana kama ndege mtini. Ile ya Utatu Mtakatifu mjini Olomouc iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mpiga picha wenu huenda alizunguka pande zote mbili za mpaka kwa siku moja na picha zikachanganyika mkobani. Yanatokea. Hata mimi nimewahi kutia barua ya mtu katika kisanduku cha jirani yake, na kesho yake nikaenda kuomba radhi.

"St." ni kifupi cha *Stunden*, yaani saa. Nguzo ile ni ya posta.

Hapa naomba msikimbie, maana najua msomaji wa Kiswahili atatumbukia shimo la pili. Akiona "12 St." atasema, ahaa, saa kumi na mbili, gari la posta huondoka jioni. Hapana. Si saa ya kuangaliwa ukutani, ni saa ya mwendo, kama tunavyosema kutoka hapa mpaka kule ni mwendo wa saa tatu. Nguzo inamwambia msafiri: ukitoka uwanja huu kwenda Freiberg, au Annaberg, au Dresden, safari yako ni saa kadhaa. Na saa hiyo haikuachiwa miguu ya kila mtu ijipimie, ilifungwa kwa urefu. Kipimo cha ardhi cha Dresden kiliitwa *Rute*, karibu mita 4.53. Rute elfu moja zilihesabiwa saa moja, yaani kilomita 4.53. Saa mbili zikafanya maili moja ya posta, kilomita 9 na mita 62. Kwa hiyo mji ulioandikwa 12 St. uko mbali kilomita 54 na ushei kwa njia ya zamani.

Mkiona namba ndogondogo pembeni ya zile kubwa, msidhani ni nyufa za jiwe. Ni sehemu za saa. Hawakuridhika na nusu wala robo, walishuka mpaka thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Mji mwingine una saa tano na thumuni tatu. Thumuni ya saa ni dakika saba na nusu, kama mita 566 za barabara. Nikisoma hizo thumuni huwa nacheka peke yangu. Leo ninayempelekea kifurushi hulalamika nikichelewa nusu saa. Wale waliandika dakika saba na nusu juu ya jiwe, wakati gari lenyewe lilikuwa likikwama kwenye matope hadi ekseli.

Jumapili moja ya mwezi wa tano niliamua kuijaribu hiyo saa. Nikaacha baiskeli nyumbani, nikasimama mgongo kwenye nguzo, uso upande wa mtaa ambao zamani ulikuwa na lango la mji, nikafungua simu ihesabu, nikaanza kutembea. Sikukimbia, sikujikokota, mwendo wangu wa kazi bila mkoba. Mtaa ukaisha, bustani zikaisha, kikaja kilima ambacho kila mpeleka barua wa huku anakijua kwa magoti yake, kisha shamba la kanola lililokuwa njano tupu. Dakika sitini zilipotimia nikasimama hapohapo nilipokuwa na kuitazama simu. Kilomita 4.4. Nilipungukiwa mita mia na thelathini hivi, ambazo namdai mbwa mmoja aliyenizuia kwenye geti la shamba.

Kwa hiyo mtu aliyepima saa ile alijua mtu anavyotembea. Kwa kweli pale kwenye shamba la kanola palitakiwa pawe na nguzo nyingine, fupi kuliko ya sokoni, ya kuonyesha nusu maili. Haipo. Utaratibu ulikuwa hivi: mjini nguzo kubwa, njiani jiwe kila robo maili, nguzo ya nusu, nguzo ya maili nzima, na kila moja ikapewa namba yake. Kwa jumla zilikuwa kama 1,200. Zilizopo leo, ukijumlisha na zilizochongwa upya, ni kama 200.

Aliyezipima njia hizo alikuwa mchungaji wa kanisa. Jina lake Adam Friedrich Zürner, aliyezaliwa 1679 na kufariki 1742, mchungaji wa kijiji cha Skassa karibu na Großenhain, ambaye moyo wake, nashuku, ulikuwa kwenye ramani kuliko kwenye mimbari. Mwaka 1713 mtawala wa Saksonia alimpa kazi ya kuipima nchi nzima. Akatengeneza gari la farasi lililounganishwa na kihesabio: gurudumu likizunguka, kihesabio kinasogea, na mchungaji ameketi ndani anaandika. Palipokuwa pembamba gari lisipite, alikuwa na toroli la kupimia, gurudumu moja linalosukumwa na mtu kwa mikono. Huyo msukuma toroli ndiye ninayemfikiria mara nyingi zaidi. Mchungaji tunalijua jina, na ramani zake zinauzwa kwenye minada. Msukuma toroli hatumjui, naye ndiye aliyepanda kile kilima cha magoti.

Mtawala mwenyewe ni August, aliyepewa jina la Mwenye Nguvu. Nyumbani Saksonia alikuwa mmoja wa wale wachache wenye haki ya kumchagua Kaisari wa Ujerumani. Tangu 1697 akawa pia mfalme wa Polandi. Kabla yake njia zilikuwa na nguzo za mbao zenye mikono, na mbao ni mbao, huoza. Umbali nao ulikuwa wa kukisia. Nauli ya gari la posta na ada ya barua vilihesabiwa kwa maili, na kama maili haijulikani, mwenye gari atasema ni ndefu na abiria atasema ni fupi. Wafanyabiashara waliokuwa wakienda kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig walitaka kujua wanalipia nini. Hapo ndipo agizo la nguzo za mawe lilipotoka, mwaka 1721 na 1722.

Nguzo si zawadi ya mfalme kwa miji. Miji ndiyo iliyolipa. Walipoletewa habari hizo walilia. Wawakilishi wao wakamwomba August aachane na mpango huo kwa sababu ya gharama, naye akakataa. Agizo la mwanzo lilitaka nguzo nje ya kila lango la mji. Mji wenye malango manne, nguzo nne, na kila moja ina urefu wa kama mita nne na nusu (ukiilaza chini inakaribia rute moja), pamoja na mchonga mawe, mchora nembo, mafuta ya rangi, na mikokoteni ya kuyaleta mawe. Miji midogo ikabembeleza, ikaruhusiwa kuweka moja tu, kwenye uwanja wa soko, yenye kuonyesha njia zote kwa pamoja. Ndiyo maana ile ya picha yenu imesimama pale ilipo. Mnayoiona kama pambo la uwanja ni matokeo ya watu kubana matumizi. Ya namna hiyo mtaikuta pia sokoni Zwönitz, na nyingine Wittichenau. Mji wa Neustadt katika Saksonia una mbili kwenye uwanja mmoja.

Turudi kwenye picha. Juu kabisa, chini ya ncha, kuna jiwe lenye rangi. Ukubwa wa picha haukuruhusu, ila mkilikuza mtaona ngao mbili chini ya taji. Ngao moja ni ya Saksonia, ina panga mbili zilizokingamana. Panga hizo mtu anaweza kuwa nazo kabatini bila kujua. Ndiyo alama ya buluu inayochorwa chini ya vyombo vya kauri vya Meissen, kiwanda kilichoanzishwa na August huyohuyo mwaka 1710. Ngao ya pili ni ya Polandi na Lithuania, tai kwa mpanda farasi. Chini yake kuna herufi mbili zilizosukwa pamoja kama kitambaa cha kufuma, A na R: *Augustus Rex*, Augusto Mfalme. Nimewahi kumsikia mgeni sokoni akimweleza mkewe kwamba AR ni fundi aliyeichonga. Nilikuwa na barua za rejista mkononi, sikuwa na muda wa kumsimamisha.

Halafu, chini ya AR, kuna kitu ambacho mwandishi wenu angekiona asingehitaji kumtafuta mtakatifu yeyote. Ni pembe. Pembe iliyojikunja mara moja, mdomo wa kupulizia upande mmoja na kinywa kipana upande mwingine, ina kamba ya kuning'iniza. Tarishi wa farasi aliipuliza alipokaribia mji ili watu wampishe na lango lifunguliwe. Pembe hiyohiyo, jamani, iko kifuani kwangu. Iko kwenye koti langu la kazi, kwenye mkoba, kwenye kisanduku cha njano kilicho ukutani hatua kumi kutoka nguzo. Ya kwenye koti imenyooshwa na wachoraji wa siku hizi ikawa mistari minne mitano, lakini mtoto wa miaka sita aliniambia ni moja. Alikuwa amesimama na mama yake wakisubiri kununua jibini, akanyoosha kidole juu kwenye nguzo, kisha kwangu, akasema neno moja: posta. Mama yake akamwambia asimnyooshee mtu kidole. Mimi nikampa mkono.

Siku ya soko, ambayo huwa Alhamisi, nguzo inapata tabu kidogo. Wauza maua na wauza soseji wanaizunguka pande zote, na kuna mmoja, simtaji, anayefunga kamba ya turubai lake kwenye kitako. Nimemwambia mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza kama nguzo ni ya posta siku hizi. Nikamwambia ilikuwa ya posta kabla babu ya babu yake hajazaliwa. Mara ya pili hakuniuliza kitu, alinipa tulipu tano, na kamba akaiacha palepale.

Kuisoma nguzo nilifundishwa na mzee mmoja anayeishi kwenye nyumba inayotazama uwanja, mchonga mawe mstaafu. Hana barua pepe na hazitaki. Hupata kadi nyingi wakati wa Krismasi kuliko mtu yeyote kwenye njia yangu, na nilipokuwa mgeni alikuwa akinisubiri chini mlangoni, bila shaka kuhakikisha kwamba majina nayasoma sawa. Siku moja, tukisubiri mvua ipite, akaniuliza kama najua hiyo nguzo imekatwa wapi. Nikasema haijakatwa. Akachukua mwavuli, akanipeleka, akaniwekea kidole changu kwenye jiwe, karibu na kiuno cha nguzo, mahali ambapo kwa macho huoni kitu. Nikausikia mshono. Chini ya mshono jiwe ni jeusi na lina vitundu kama mkate. Juu yake ni la njano lililopauka, laini, kingo zake bado kali. Jiwe la mchanga la bonde la Elbe likikaa nje miaka mingi huwa jeusi. Kwa hiyo cheusi ndicho kikongwe, na kilichopauka ni cha juzi. Nusu ya nguzo ni ya siku za August, nusu ni ya siku za huyu mzee, na mzee aliponionyesha mshono hakusema ni nani aliyeichonga hiyo ya juu. Niliangalia mikono yake nikaacha kuuliza.

Nusu ya juu ya kale ilikwenda wapi? Ilikokwenda nyingine nyingi. Mwaka 1815, baada ya vita vya Napoleon, Saksonia ilinyang'anywa zaidi ya nusu ya ardhi yake ikapewa dola jirani ya Prussia. Ndiyo maana nguzo zenye panga za Saksonia zinasimama leo katika jimbo la Brandenburg, na nyingine zimebaki ndani ya Polandi. Mwaka 1840 Saksonia ikaleta maili mpya ya kilomita 7.5, na namba zote juu ya mawe zikawa za kupotosha. Mwaka 1872 ikaja mita kwa Ujerumani nzima. Nguzo inayosema uongo katikati ya uwanja ina faida gani kwa watu wanaohitaji mawe? Zikauzwa, zikapasuliwa, zikawa ngazi, vizingiti vya milango, nguzo za mageti, za kujazia kuta za mashamba. Nyingine zimegunduliwa hivyohivyo, mtu anabomoa ngazi ya ghala la bibi yake, anageuza jiwe la tatu, anakuta pembe.

Tangu siku ya ule mshono nina tabia mbaya. Nikifika kwenye nyumba ya zamani yenye ngazi za mawe, kabla sijabonyeza kengele nainama kidogo kuchungulia upande wa chini wa kidato. Wenye nyumba wamezoea. Mmoja alidhani nimeangusha funguo akatoka na tochi. Sijapata kitu mpaka leo, ila kuna kidato kimoja kwenye nyumba ya mwisho kabla ya kile kilima ambacho upana wake unanishughulisha, na mwenye nyumba amesema akikarabati atanipigia simu.

Najua mtasema, mama huyu ametuandikia kurasa kwa ajili ya mstari mmoja chini ya picha. Mstari mmoja ndio unaosomwa. Makala wataruka, maelezo ya picha watasoma, na mwakani mtalii wa Kiswahili atakuja kusimama pale, atatazama juu, atamwambia mwanawe hawa ni watakatifu, na mimi nitapita na baiskeli yangu nikiwa na barua za rejista tena.

Kwa hiyo naomba toleo lijalo mrudishe picha ileile, na chini yake mwandike hivi: "Nguzo ya maili ya posta kwenye uwanja wa soko, Saksonia, Ujerumani, ya karne ya 18. Namba ni saa za mwendo kwenda miji mingine. Saa moja ni kilomita 4.53." Nimehesabu maneno, yanatosha mistari miwili. Kama nafasi ni ndogo, kateni "Ujerumani", msikate "saa za mwendo".

Wenu,
Mama Barua,
Erzgebirge, Saksonia

Nyongeza: Kwenye picha inaonekana kana kwamba baiskeli yangu imeegemezwa kwenye nguzo. Haikuegemezwa. Imesimama kwa stendi yake, umbali wa hatua mbili, na yule mzee wa dirishani ni shahidi. Tafadhali hilo nalo mliandike.